Beetle la 1966 lenye rangi yake ya kiwandani: nilipige rangi upya au niliache lilivyo?

Mrithi_1300 ameandika:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Nimerithi kutoka kwa marehemu mjomba wangu gari aina ya Volkswagen Beetle 1300 la mwaka 1966, ambalo limesimama kwa miaka mingi ndani ya banda kavu bila kuwashwa. Injini yake ni ileile iliyotoka nayo kiwandani, kwa maana namba zake zinalingana na zilizo kwenye kadi ya gari, na kwa kadiri ninavyoweza kuona halijawahi kupigwa rangi ya pili. Rangi hiyo ya buluu imefifia na kuwa kama imepakwa chaki, mlango wa dereva una mikwaruzo, na kiti cha dereva kimeachia kwenye mshono. Fundi mmoja wa bodi ananishauri nimwachie alikwangue gari zima hadi bati tupu na kulipiga rangi mpya inayong'aa, huku rafiki yangu akishikilia kwamba kazi ya kwanza ni kufunga betri na kuliwasha ili tujue kama injini ni nzima.

Sitafuti gari la maonyesho. Nataka gari la kuendesha mwishoni mwa juma, lililo salama, ambalo waliomfahamu mjomba wakiliona watajua kuwa ni lilelile lake. Naomba mnieleze nianzie wapi, na kama ni busara kuiacha rangi hiyo.

Fundi_Tapeti amejibu:

Pole sana kwa kuondokewa na mjomba, ndugu yangu. Ombi langu la kwanza ni kwamba msiliwashe gari hilo kwa sasa, hata kama betri mpya ipo mkononi.

Petroli iliyokaa muda mrefu hupoteza sehemu zake nyepesi na kuacha utomvu unaoziba vitundu vya kabureta. Ikiwa ilichanganywa na ethanoli hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu ethanoli hufyonza unyevu na tangi huanza kushika kutu kwa ndani. Lifungue tangi, ambalo kwenye Beetle liko mbele, ulimwage lote na ulioshe. Kisha badilisha mipira yote ya petroli, hata ile inayoonekana mizima. Ukifungua boneti ya nyuma utaona kwamba pampu ya petroli imekaa jirani kabisa na distributa, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, ambamo platini, yaani vidoti vinavyokata na kuunganisha umeme, hutoa cheche wakati wote injini inapozunguka; mpira uliopasuka mahali hapo unadondosha petroli palepale penye moto. Beetle nyingi zimeteketea kwa kosa hilo dogo.

Baada ya hapo toa plagi, tia oili nyepesi kidogo katika kila silinda, uiache ipenye, ndipo uizungushe injini kwa mkono kwa kuweka spana kwenye nati ya puli ya dinamo. Ikizunguka bila kukwama, umevuka hatua kubwa. Mwaga oili ya zamani, ambayo ni takriban lita 2.5 tu, na ufungue kile kisahani cha duara kilicho chini ya injini. Injini hii haina filta ya oili kama za kisasa. Ina chujio la waya pekee, na chujio hilo husema mengi. Liweke kwenye mwanga na ulitazame kwa makini: tope jeusi ni jambo la kawaida na linaoshwa, lakini ukikuta chembe za chuma zinazometameta, usiiwashe injini hiyo mpaka imefunguliwa ikachunguzwa. Tapeti nazo, yaani uwazi mdogo kati ya vali na mkono unaoisukuma, huwekwa injini ikiwa baridi kabisa, na kwa 1300 wengi hutumia milimita 0.15, na uwazi wa platini ni milimita 0.4.

Nimeacha breki mwisho kwa sababu ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko vyote. Beetle nyingi za mwaka huo zina mzunguko mmoja tu wa breki, yaani masta silinda moja inasukuma mafuta kwenye magurudumu yote manne kwa njia moja, kwa hiyo mpira ukipasuka kwenye gurudumu lolote, pedali inazama na hubaki na kitu isipokuwa breki ya mkono. Mafuta ya breki hufyonza unyevu, na unyevu huo umekuwa ukila silinda za magurudumu miaka yote hiyo gari likiwa limesimama. Badilisha silinda zote, mipira yote na mafuta yote, kisha matairi, hata kama kashata zake (meno ya tairi) ni nzuri, maana mpira huzeeka kwa umri. Kwa tairi lililotengenezwa kuanzia mwaka 2000, umri wake husomwa ubavuni, kwenye tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka.

Vipuri visikupe hofu. Zaidi ya Beetle milioni 21 zilitengenezwa kabla uzalishaji haujafungwa nchini Meksiko mwezi Julai 2003, na sehemu nyingi za kubadilisha bado zinatengenezwa.

Adui_wa_Kutu amejibu:

Naunga mkono yote ya mkuu Fundi_Tapeti, ila naomba tusimwache ndugu yetu aamini kuwa banda kavu limemwokoa na kutu. Beetle hufa kuanzia chini.

Inua kiti cha nyuma. Betri imekaa hapo, upande wa kulia, juu ya bati la sakafu, na tindikali iliyomwagika kwa miaka mingi huwa imelitoboa bati hilo au imeliacha jembamba kama karatasi. Bonyeza kwa bisibisi. Bati zima halibonyei. Halafu kuna mihimili miwili chini ya milango, yenye uwazi ndani unaopitisha hewa ya moto kutoka kwenye injini hadi ndani ya gari. Wengi huidhania kuwa ni njia ya hewa tu, kumbe ndiyo inayoipa bodi uimara wake. Ikiwa imeliwa, mlango utashuka unapoufungua na nafasi kati ya mlango na bodi itakuwa pana juu kuliko chini. Angalia pia shimo la tairi la akiba na sehemu zinazoshikilia bampa.

Kisha chukua sumaku ndogo, uifunge kwa kitambaa laini, uipitishe taratibu kwenye bodi yote. Mahali inapolegea pana puti, yaani udongo wa kujazia mashimo ya bati, chini ya rangi. (Njia hii haifai kwa Land Rover za zamani, kwa kuwa bodi zake ni za aloi ya aluminiamu.) Ikishika sawasawa kila mahali, utakuwa na uthibitisho kwamba gari lako ni la asili kweli, na hapo maneno ya fundi wa rangi yapime upya.

Kutu iliyokula muundo wa gari haina mjadala: bati bovu likatwe, jipya lichomelewe, na nta ya kuzuia kutu ipulizwe ndani ya mihimili. Fundi anayependekeza puti mahali pa kuchomelea hafai kulishika gari hilo.

Rangi_ya_Kwanza amejibu:

Ndugu Mrithi_1300, nakusihi usimpe jibu fundi wa bodi kabla hujaijaribu rangi hiyo. Nazungumza kwa hisia kwa sababu nimeona magari mengi yakivuliwa rangi ambayo ilikuwa bado hai.

Rangi za wakati ule hazikufunikwa kwa tabaka la vanishi linaloonekana kama kioo. Rangi yenyewe ndiyo iliyong'aa. Ule weupe unaouona ni ngozi ya juu tu iliyochakaa kwa jua na hewa, na chini yake rangi bado ipo. Osha gari vizuri, chagua sehemu isiyoonekana sana, kwa mfano ukingo wa ndani wa boneti, tia dawa ya kung'arishia isiyo kali kwenye kitambaa laini na usugue kwa mkono. Kitambaa kitageuka buluu. Usishtuke, maana hiyo ndiyo ngozi iliyokufa ikitoka, na baada ya muda mfupi utaona buluu ya kina ikijitokeza ambayo hakuna kopo jipya la rangi litakaloilinganisha kikamilifu. Jihadhari na kingo na mikunjo ya bodi, kwa kuwa hapo rangi ni nyembamba na bati hutokeza haraka. Usitumie mashine mpaka uujue unene wa rangi yako, na usiikwangue kwa msasa mkavu, kwa sababu rangi za zamani huweza kuwa na risasi na vumbi lake ni sumu.

Msimamo huu si wangu peke yangu. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966, lina Hati ya Turin, iliyofuata nyayo za Hati ya Venice ya mwaka 1964 kuhusu majengo ya kale, na mkazo wake ni kuhifadhi kabla ya kufanya upya. Sababu yake iko wazi. Rangi mpya unaweza kuipiga mwaka ujao, au baada ya miaka 10, au mwanao akaipiga. Lakini rangi iliyopulizwa kiwandani mwaka 1966 ikishakwanguliwa, hakuna fundi duniani wa kuirudisha. Mikwaruzo ya mlangoni ipake nta ili isishike kutu, na mshono wa kiti ushonwe kwa uzi wa rangi ileile badala ya kubadilisha kitambaa kizima.

Msafiri_404 amejibu:

Naheshimu hoja za Rangi_ya_Kwanza, lakini naomba tusizigeuze kuwa sheria. Peugeot 404 yangu ilinifikia ikiwa imeshapigwa rangi mara kadhaa, kila moja mbaya kuliko iliyotangulia, na hapo hakukuwa na uasili wowote wa kuhifadhi. Nililikwangua na kulipiga rangi ya kiwandani kwa kufuata namba ya rangi iliyo kwenye kibati chake, na sijutii. Hata kwa ndugu yetu, ikiwa sumaku na bisibisi zitaonyesha kwamba kuna kuchomelea kwingi chini ya milango, sehemu hizo zitahitaji rangi. Apake hapo tu, na aishie kwenye mkunjo wa bodi ambapo jicho halitaona tofauti. Gari zima halina haja ya kufuata.

Mrithi_1300 ameandika:

Nawashukuru kwa moyo wote. Nimefuata maelekezo kwa utaratibu. Sumaku imeshika kila mahali isipokuwa sehemu ndogo kwenye mbawa ya nyuma ya kushoto. Chini ya betri bati limetoboka, lakini mihimili ya milango ni mizima na milango inafunga vyema. Kitambaa kiligeuka buluu kama nilivyoambiwa, na buluu iliyojitokeza chini yake imenifanya nimwambie fundi wa bodi kwamba kazi yangu kwake ni sakafu tu.

Nina swali moja zaidi. Umeme wa gari ni wa volti 6, na kila mtu ananiambia niubadilishe uwe wa volti 12 kwa sababu taa zitakuwa hafifu. Je, ni lazima? Na likishawaka, niliendesheje ili lidumu?

Fundi_Tapeti amejibu:

Si lazima. Kwa nguvu ileile, umeme wa volti 6 unahitaji mkondo mara mbili ya ule wa volti 12, kwa hiyo kila kiungo chenye kutu na kila waya mwembamba unakula mwanga wa taa zako. Safisha sehemu zote ambapo nyaya za ethi (zinazorudisha umeme kwenye betri kupitia bodi) zinafungwa kwenye bodi hadi bati ling'ae, tumia nyaya nene za betri zilizokusudiwa volti 6, kagua na swichi za taa, na utashangaa jinsi zitakavyoamka. Betri ifunikwe kwa kifuniko chake, maana springi za kiti zikigusa vichwa vyake zinaweza kuwasha moto.

Kuhusu kuendesha, usiwe na tabia ya kuliwasha dakika chache na kulizima. Injini inapowaka ikiwa baridi hutengeneza maji ndani ya oili, na maji hayo hayaondoki mpaka injini ipate moto kamili. Ukilitoa, liendeshe safari ya nusu saa au zaidi, au uliache likae. Oili ibadilishwe kila kilomita 5,000, na mapema zaidi kama unatembea kidogo. Mafuta ya breki ni kila miaka 2.

La mwisho ni taa nyekundu ya dinamo. Injini hii hupozwa kwa hewa, na mkanda unaozungusha dinamo ndio unaozungusha feni pia. Taa hiyo ikiwaka ukiwa njiani, usiseme kwamba ni chaji tu na utafika nayo. Simama mara moja, zima injini, ufungue boneti uangalie mkanda. Weka mkanda wa akiba na spana ya inchi au milimita inayolingana na nati ya puli ndani ya gari, na ujifunze kuubadilisha nyumbani kabla hujalazimika kufanya hivyo barabarani usiku.