Naomba ushauri, ruta mbili zapigiana kwa ISDN (laini ya simu ya kidijitali) halafu laini yakatika

Hamjambo wenzangu, niko Malindi, nafundisha vijana wanne mambo ya netiweki na tumepata ruta mbili kuukuu za Cisco na kiboksi cha swichi ya ISDN, sasa wallahi zanikosesha usingizi. Nikiping (kutuma ujumbe wa majaribio) kutoka ruta moja yapiga simu vizuri, taa ya B1, chaneli ya kwanza, yawaka, nahesabu moja mbili tatu, yazima. Napiga tena, vilevile. Sio ule muda wa laini kukaa kimya hadi ikatwe, maana huo ni sekunde 120 na hii haifiki hata tano. Aina ya swichi nimeweka basic-net3 pande zote, nikiangalia kwa amri ya show isdn status leya 1 iko ACTIVE na leya 2 MULTIPLE_FRAME_ESTABLISHED, kwa hivyo waya sina shaka nao. Shaka yangu ni CHAP, yaani ule uthibitisho wa ruta kutambuana kwa jina na paswedi. Paswedi nimeandika upya mara tatu zafanana, ila ruta moja yaitwa Malindi kwa herufi kubwa na kwenye ile ya pili jina hilo nimeliandika malindi kwa ndogo, je hilo laweza kukata laini? Ama niwashe debug ppp authentication kwanza, ile amri ya kuonyesha hatua za uthibitisho? Vijana warudi Jumamosi baada ya alasiri, nisaidieni kabla ya hapo, wamengoja sana.