Mashine ya kahawa ya nyumbani: baa 15 au baa 20, na je grainda ni lazima?

Kikombe_cha_Pili:
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri kabla sijatoa hela. Nyumbani tuko wawili tunaokunywa kahawa, mimi asubuhi lazima iwe ya maziwa na povu lake, mwenzangu yeye nyeusi tu, kikombe kikubwa, na anaweza kurudia mpaka mchana. Siku zote tunatumia ile ya unga wa kukoroga na kwa kweli tumeichoka. Nimezunguka mtandaoni wee nikabaki na aina 3 kichwani: kuna ile ya mkono, unajaza kahawa mwenyewe unabana unabonyeza kitufe, kuna otomatiki kabisa inayosaga punje ndani kwa ndani, na kuna ya kapsuli, vile vikopo vidogo vya kahawa vya kutumia mara moja. Kinachonichanganya ni hizi namba, moja imeandikwa presha ya baa 15 nyingine baa 20, na hiyo ya 20 ndo ya bei rahisi kuliko zote, nikabaki najiuliza imekuwaje tena. Sasa baa zikiwa nyingi ndo kahawa inakuwa nzuri? Na hiyo ya mkono ni lazima ninunue na grainda ya kusagia punje au naweza kutumia tu kahawa ya pakiti iliyosagwa tayari? Na usafi pia mniambie ukweli, asubuhi kwetu ni mbio, sitaki kitu cha kunisimamisha jikoni nusu saa.

fundi_presha:
Karibu mkuu. Hizo namba za kwenye boksi achana nazo kabisa. Espreso, ile kahawa nzito ya kikombe kidogo, inatengenezwa kwa presha ya baa 9 hivi, ndo imekuwa kipimo tangu enzi za mashine za kwanza za pampu huko Italia, mashine ya Faema E61 ilitoka 1961, na mpaka leo mashine kubwa za migahawani zinacheza humo humo. Hiyo 15 au 20 ni nguvu ya mwisho ya pampu pale inaposukuma maji na maji hayana pa kutokea. Mashine iliyotengenezwa vizuri ina valvu inayorudisha presha ya ziada kwenye tanki ili kahawa yenyewe ipate 9 au 10. Presha ikizidi maji yanatafuta upenyo, yanapita upande mmoja wa kahawa na kuuacha mwingine, unaishia na kikombe kichungu na kichachu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo ile ya 20 wameandika kubwa kwa sababu kuandika ni bure.

Uliza joto. Maji yanatakiwa yawe nyuzi 90 mpaka 96 na yatulie hapo hapo, yasipande na kushuka. Mashine ndogo nyingi siku hizi zina thamobloku, yaani maji yanapashwa yakiwa njiani yanapita, hizo zinakuwa tayari chapchap, kwa watu wa mbio kama nyie inafaa. Za boila, yaani chungu cha ndani cha kuchemshia maji, zinataka muda mpaka chuma chote kishike moto. Halafu ikiwa boila ni moja tu ujue kahawa na mvuke wa maziwa haviendi pamoja, unatoa kahawa kwanza, unabonyeza mvuke, unasubiri ipande, ndo unapiga povu.

Sasa grainda. Hapa ndo pesa inatakiwa iende na watu wengi hawataki kusikia. Chukua kile kikapu cha chuma kinachokaa kwenye mkono wa mashine, kigeuze, kiinue kwenye mwanga. Ukiona vitundu vingi vingi chini hicho ni cha ukuta mmoja. Ukiona ndani vitundu vingi lakini kwa nje chini kuna kitundu kimoja tu kama kimetobolewa na sindano, hicho ni cha kuta mbili, presha inatengenezwa na hicho kitundu wala haitengenezwi na kahawa. Cha kuta mbili kinakubali kahawa ya pakiti, povu la juu litakuwepo, litakudanganya macho, ila ladha ni ya kawaida. Cha ukuta mmoja ndo kinatoa espreso ya kweli, ila kinataka kahawa laini sana iliyosagwa muda huo huo. Ukikiwekea ya pakiti maji yanapita puu, sekunde chache kikombe kimejaa maji ya kahawia. Kipimo cha kuanzia: gramu 18 za kahawa, itoke kama gramu 36, ndani ya sekunde 25 mpaka 30. Ikiwahi saga laini zaidi, ikichelewa legeza, yaani saga nene kidogo. Bila grainda yako mwenyewe utalegeza nini sasa?

Na grainda iwe ya meno yanayosagana, sio ile ya kisu kinachozunguka kama blenda. Ya kisu inakupa vumbi na mapande humo humo, vumbi linatoa uchungu mapande hayajaguswa. Kama hela haitoshi kuna za kuzungusha kwa mkono, nzuri tu, mkono utachoka kidogo.

mzee_wa_moka:
Mnampeleka mbali huyu. Mtu anatoka kwenye kahawa ya kukoroga mnaanza kumpimia gramu na sekunde!! Ndugu yangu nunua moka, ile birika ya pembe nane, Bialetti walianza kuitoa 1933 na mpaka leo umbo lile lile. Maji chini, kahawa katikati, moto mdogo, ikianza kukoroma unaiondoa. Presha yake ni baa moja na ushee kwa hiyo sio espreso na mimi sidanganyi mtu, lakini ni nzito kiasi cha kusimama kwenye maziwa. Povu utapiga na kile kifimbo cha betri. Mwenzako mtafutie jagi la kubonyeza chujio au koni ya karatasi ya kuchujia, gramu 60 kwa lita moja ya maji, basi. Kitakachokufa ni mpira wa kwenye moka tu na unabadilisha mwenyewe.

fundi_presha:
Mzee huwa tunabishana hapa kila siku ila leo nusu yupo sahihi, huyo wa nyeusi hahitaji espreso kabisa. Kwenye maziwa sikubaliani naye, povu la kifimbo na povu la mvuke ni watu wawili tofauti.

Mama_Povu:
Jamani mbona hakuna anayemtetea mwenye otomatiki? Mimi ninayo na sirudi nyuma. Asubuhi nabonyeza naenda kuamsha watoto, nikirudi kapuchino ipo. Nitakwambia na mabaya yake ili usije ukasema hukuambiwa.

Cha kwanza kabisa angalia kama ile sehemu ya ndani inayoshindilia kahawa inatoka. Kuna mashine unafungua mlango ubavuni unaichomoa yote unaisuuza kwenye bomba mara moja kwa wiki, Philips na De'Longhi nyingi ziko hivyo, na kuna ambazo haitoki, Jura kwa mfano, hizo zinajisafisha kwa kidonge na kufungua kwake ni kazi ya fundi. Sisemi mbaya, nasema mimi nataka kuona kwa macho yangu. Ukungu unapenda mahali penye giza, unyevu na machicha ya kahawa, na humo ndani vyote vitatu vipo.

Pili maziwa. Kila mtu anapenda hiyo ya maziwa kujivuta yenyewe kwenye mrija mpaka siku anapofungua mrija. Maziwa yakikaa humo kutwa moja tu yanaganda kama utando, unasuuza maji yanatoka meupe, unasuuza tena bado meupe, na harufu yake sitaki hata kuielezea wakati wa chakula. Kwa hiyo kila siku, narudia kila siku, unapitisha maji kwenye mrija, na chombo cha maziwa kinarudi kwenye friji. Zile zenye chombo kisicho na mrija, vipande viwili tu vinavyoachana, ni afadhali mara kumi.

Tatu usiweke punje nyeusi tii zinazong'aa mafuta. Zinanata kwenye grainda ya ndani hazishuki, mashine inakuambia haina kahawa na wewe unaziona hizo hapo juu zimejaa. Chukua zilizokaangwa wastani. Na zile zenye ladha za kupakwa, vanila sijui karameli, hapana kabisa.

kapsuli_bila_aibu:
Mimi wa kapsuli naomba dakika moja. Kazi ya usafi hamna, kelele kidogo, kila siku ladha ile ile. Ubaya ni kapsuli moja ina kahawa gramu 5 au 6 tu, sasa huyo mwenzako wa kikombe kikubwa cha kurudiarudia atamaliza boksi kabla ya wiki na kila kikombe unakilipia. Halafu kabla hujanunua jua unafungwa na kampuni gani. Kwa Nespresso zile mashine za Original unapata kapsuli za kampuni nyingi, ila Vertuo zinasoma msimbo kwenye kapsuli kwa hiyo kwa sehemu kubwa uko mikononi mwao. Kwa mtu mmoja anayekunywa kimoja kwa siku ni sawa, kwenu hapana.

Kikombe_cha_Pili:
Asanteni sana kumbe hata nilikuwa sijui pa kuanzia. Kapsuli nimeitoa. Nimeangalia ile ya baa 20 kwenye picha, kikapu chake ni cha kitundu kimoja chini 😅 Maswali mawili ya mwisho. Kuna shemeji yuko Marekani kasema anaweza kunibebea mashine ya mkono kutoka kule, kuna shida? Na hii ya mkono mwenzangu atapataje kikombe chake kikubwa, naiacha tu iendelee kumwaga mpaka kijae?

fundi_presha:
Ya shemeji mshukuru lakini kataa. Kule umeme ni volti 120 na hezi 60 (mapigo ya umeme kwa sekunde), wewe ukiwa kwenye 220 mpaka 240 na hezi 50 utahitaji transfoma ya kubeba wati 1500 hivi, dude zito la kukaa sakafuni, na transfoma inabadilisha volti tu, hezi zinabaki. Hizi pampu ndogo zinatetemeka kwa mapigo ya umeme wenyewe kwa hiyo kwenye hezi tofauti inafanya kazi nje ya ilivyopimiwa. Na waranti sahau. Mwambie akuletee grainda ya mkono, hiyo haijui umeme wa nchi gani.

Kikombe kikubwa: usiache iendelee kumwaga! Ikishapita kipimo, inachotoa tena ni uchungu tu, ndo maana wengi wanasema espreso kali kumbe wamekamua machicha. Toa espreso yake mbili kawaida, simamisha, halafu ongeza maji ya moto ya birika mpaka kijae. Ladha inabaki safi. Ila kwa anayerudia mpaka mchana ningekuwa mimi ningemwekea koni ya karatasi pembeni, na grainda ni hiyo hiyo moja, inawahudumia wote wawili, yeye unamsagia nene kidogo. Tatizo pekee ni kuirudisha kwenye laini kila mara, kwa hiyo weka alama kwa kalamu kwenye pete ya kurekebishia.

Mama_Povu:
Na hapo ndo kazi ya asubuhi inapoanza. Saga, pima, shindilia, toa, gonga machicha, piga povu, pangusa bomba la mvuke hapo hapo kabla maziwa hayajakauka, halafu badilisha grainda umsagie na mwenzako. Umesema mbio. Fundi anapenda hiyo kazi, mimi nimemjua. Wewe unaipenda?

fundi_presha:
😂😂 Swali zuri, ajibu mwenyewe. Nikishazoea mimi haizidi dakika 5, ila wiki za mwanzo ni zaidi na kuna vikombe utamwaga.

Kikombe_cha_Pili:
Mimi naipenda wikiendi tu hahaha. Jumatatu mpaka Ijumaa nataka kubonyeza. Basi naenda na otomatiki, ya kutoa ile sehemu ya ndani, chombo cha maziwa kisicho na mrija. Na nyeusi ya mwenzangu si inatoa pia?

Mama_Povu:
Inatoa, tafuta yenye kitufe cha kahawa ndefu au amerikano. Amerikano inaongeza maji ya moto baada ya kahawa, kama alivyosema fundi, ndo ninayoipenda. Angalia pia ukubwa wa tanki, lita 1.8 ndo ile ya kawaida, na lipo upande gani, maana kuna zinazojazwa kwa nyuma na ukiisukuma ukutani kila siku unaivuta.

Pia pima maji yenu. Kuna vipande vya karatasi vya kupimia ugumu wa maji, mara nyingi kinakuja kimoja ndani ya boksi na watu wanakitupa wakidhani ni takataka. Unachovya sekunde moja, unahesabu vimraba vilivyobadilika rangi, unaingiza hiyo namba kwenye mashine, na yenyewe ndo itajua ikuombe lini uitoe chokaa. Kama birika lenu lina ukoko mweupe chini basi jibu unalo tayari, weka na kichujio kwenye tanki. Na ikikuomba itoe chokaa usibonyeze baadaye, baadaye, baadaye.

mzee_wa_moka:
Birika langu la pembe nane halijawahi kuniomba kitu.

Mama_Povu:
Lakini mzee ule mpira umebadilisha lini?

mzee_wa_moka:
Tusiingiliane.