Siioni tundu ya sindano, na macho yanawasha

Jamani nashona nguo hapa soko la Owino, Kampala, nimefika miaka 43, siku hizi kutia uzi lazima ninyooshe mkono mbali ndo nione tundu, na jioni macho kama yamejaa mchanga. Nifanyeje?

— Pole dada, hiyo ya kunyoosha mkono ni umri, lenzi ya jicho inaanza kukakamaa kwenye 40 hivi, miwani ya kusomea inasaidia kabisa ila upimwe kwanza.

— Ukikazia macho kazi hupepesi kope vizuri, yanakauka, halafu na vumbi la Kampala! Kila dakika 20 tazama mbali mita 6 kwa sekunde 20. Na tafadhali usitie matone ya jirani, mengine yana steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, yanapandisha presha ya jicho, mjomba wangu alipoteza la kushoto hivyo hivyo.

— Asanteni sana, Jumatatu naenda kupima.