MREJESHO: Ile kozi ya muziki wa Tanzania niliyoomba mawazo

Wakuu, habari za siku. Niliwahi kuuliza hapa nipangeje kozi ya historia ya muziki wetu kwa chuo kimoja cha kati huku Mbeya. Nashukuru sana wote mliochangia, hata yule aliyesema vijana watasinzia.

Hawakusinzia. Nilifuata ushauri wa kuanza na Bongo Fleva wanayoijua, kisha kurudi nyuma hadi enzi za Redio Tanzania. Nilipofika kwa Mbaraka Mwinshehe, yule mwimbaji na mpiga gitaa, nikawafungulia wimbo wa bendi yake ya Morogoro Jazz kwenye spika, nikawaambia kila mmoja afuate gitaa moja tu mpaka mwisho. Waliofuata solo, gitaa linaloongoza, walicheka wenyewe. Wa ridhim, gitaa la kushikilia mapigo, ndio waliotoka na maswali mazuri, maana gitaa lile halisikiki mpaka ulitafute. Baadaye tukagusa mwaka 1973, alipoanzisha bendi ya Super Volcano, na ajali iliyomuua 1979.

Kurekodi ngoma za wazee wa Rungwe kumegoma kwa sehemu. Mvua za huku mnazijua. Bati likianza kupigwa, simu hainasi kitu. Tumepata mahojiano, nyimbo zenyewe bado. Kwaya za makanisani, wazo lililotolewa na dada wa Iringa, zimeziba pengo vizuri.

Chuo kimekubali iwe klabu ya jioni, siyo somo lenye mtihani. Mimi nilitaka somo, lakini darasa linajaa. Mwenye kutaka mpangilio wa vipindi aseme, nitauweka hapa.