Mienendo ya mifumo: Bergen, masomo ya mtandaoni, au nibaki na uvuvi hapa nyumbani?

MtafitiMwanza
Wakuu, habari za leo. Nina digrii ya sayansi ya uvuvi, na kazi yangu ni takwimu za samaki wa Ziwa Victoria. Nataka kuingia utafiti wa uendelevu kupitia mienendo ya mifumo (system dynamics), yaani kuunda modeli za kompyuta zinazoonyesha jinsi sehemu za mfumo zinavyoathiriana kadiri muda unavyopita, fani aliyoiasisi Jay Forrester pale chuo cha MIT, Marekani, miaka ya 1950. Njia ninazoziona ni masta ya Chuo Kikuu cha Bergen, Norway. Masomo ya mtandaoni ya chuo cha WPI (Worcester Polytechnic Institute), Marekani. Au masta ya uvuvi hapa hapa, modeli nijifunze mwenyewe. Ipi inamfikisha mtu kwenye kazi?

Nyota_Kaskazini
Nimesoma Bergen. Kwa uundaji wa modeli ningerudi tena kesho, maana unaishi na watu wa fani hiyo asubuhi hadi jioni. Ila tangu vuli ya 2023 wanafunzi wa nje ya Ulaya wanalipa ada Norway, na maisha ya kule ni ghali. Bila ufadhili usiondoke.

BiTakwimu
WPI inamfaa mwenye ajira asiyetaka kuiacha. Ada ni ya dola, jipime.

Wa_Kisumu
Mimi ningebaki. Chukua sangara. Darasani utaambiwa samaki wakipungua, wavuvi nao watapungua. Nenda mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, alfajiri uone: samaki wakiadimika bei ya kilo inapanda, mwenye mtumbwi anaongeza nyavu, na mara nyingi ana deni la injini kwa wakala anayenunua samaki wake, kwa hiyo hawezi kuacha. Mrejesho huo, yaani tokeo linalorudi kukuza chanzo chake, utaupata kwa kukaa na wavuvi. Halafu kuna ucheleweshaji. Sheria inakataza sangara wa chini ya sentimita 50, lakini jike huchukua miaka kadhaa kukomaa, hivyo faida haionekani msimu huohuo na wavuvi wanaona wanaonewa. Ukiyajua hayo, programu ni jambo dogo: Vensim PLE, ya kuundia modeli hizi, ni bure kwa kujifunzia, na masomo ya MIT yako wazi mtandaoni.

Nyota_Kaskazini
Ya mwaloni nakubali kabisa, kaka. Programu kuwa jambo dogo, hapana. Nimepitia modeli za waliojifunza peke yao: mchoro una mishale kila kona, grafu inapendeza, lakini ukiweka samaki sifuri mitumbwi inaendelea kuleta tani zilezile. Hakuna aliyewahi kuwauliza swali hilo. Bergen wanakuuliza kila wiki.

BiTakwimu
Basi tafuta wa kukuuliza. Mtafiti, kwa hali yako ningeanza na masta hapa, tasnifu iwe modeli ya sangara, na msimamizi wa pili awe mtu wa fani kutoka nje. Ukifika ngazi ya udaktari, IIASA, taasisi ya kimataifa ya uchambuzi wa mifumo kule Laxenburg, Austria, huchukua watafiti vijana kwa miezi mitatu ya kiangazi. Kazi zipo: tathmini ya uchumi wa kijani ya Kenya ya 2014 ilitumia T21, modeli ya mienendo ya mifumo ya kupangia maendeleo ya nchi. Kazi kama hiyo inahitaji wanaojua takwimu za nchi zimetoka wapi.

MtafitiMwanza
Asanteni sana. Nakwenda na njia ya Bi Takwimu. Naanza na vitu vitatu tu: samaki, mitumbwi na bei. Dada Nyota, ikikamilika naomba nikutumie faili uipige kwa samaki sifuri.

Nyota_Kaskazini
Tuma. Na deni la injini liingize mapema, usilisubirishe.