Sindano za kupunguza kilo na niliwahi kuwa na depresheni, nianze ama niache?

MamaWema_Umoja
Wadau habari zenu, naomba mnisaidie kufikiria maana nikiwaza peke yangu nazunguka tu. Nina miaka 36, kilo 104, presha ilianza mwaka jana na magoti yananiuma, tunakaa floo ya nne na lifti hakuna. Nimeacha ugali jioni, nimeshuka mat Donholm nikamalizia na miguu, nikipunguza kilo sita zinarudi nane. Sasa rafiki yangu wa chama anajidunga Ozempic, amepungua mpaka nguo zinamning'inia, na anasema kilichomshangaza ni kichwa kunyamaza, yani ile sauti ya kumwambia kula, ongeza, kula, haiko tena. Hiyo ndiyo naitamani kuliko hata kilo.

Shida ni hii. Nilipojifungua wa pili nilipata depresheni mbaya, nikawa kwa dawa mwaka mzima, kuna siku sikutaka kuamka kabisa. Na nimesoma hizi sindano zilichunguzwa Ulaya juu ya mawazo ya kujiua. Mzee wangu anasema niachane nazo. Nifanye nini?

Nesi_wa_Zamu
Pole dada, na asante kwa kusema hiyo ya depresheni wazi, wengi wakifika kwa daktari wanaificha. Uchunguzi ulikuwepo kweli, ulianza 2023 baada ya ripoti kutoka Iceland, na 2024 wachunguzi wa Ulaya wakasema hawajaona ushahidi kwamba dawa ndiyo inayoleta hayo mawazo, FDA, wale wasimamizi wa dawa wa Marekani, pia hawakuuona. Hofu ina historia lakini, kuna dawa nyingine ya kukonda, rimonabant, iliruhusiwa Ulaya 2006 ikasimamishwa 2008 kwa sababu ya depresheni, ingawa ile inafanya kazi kwa njia tofauti kabisa.

Ila kitu kimoja usikipite. Kwenye jaribio kubwa la semaglutide ya kupunguza uzito, ndiyo dawa iliyo ndani ya Ozempic, waliokuwa na depresheni kali miaka miwili ya nyuma hawakuchukuliwa. Waliochukuliwa walipungua karibu asilimia 15 kwa wiki 68, hiyo ni nyingi, magoti yako yangeisikia. Na walipoacha, ndani ya mwaka theluthi mbili ya zile kilo zilirudi. Hiyo ya kurudi ndiyo mimi huogopea mtu aliyewahi kuanguka.

BabaPipeline
Mimi naongea kama mume. Mke wangu alitumia, sukari ikashuka, kilo 17 zikaenda, tulifurahi sana, lakini nyumba ikanyamaza. Jumapili ni kuku na chapati, yeye anakula vijiko viwili anaenda kulala, nikadhani ni kichefuchefu tu. Kumbe chakula ndicho kilikuwa kinambembeleza tangu mamake afariki, kilipoondoka akabaki na msiba peke yake. Sindano hakuacha, daktari alimrudisha kwa dozi ya chini na akaanza kuona kaunsela. Mwambie mzee asikukataze, akuangalie.

Shosho_Kayole
Mwanangu, chochote utakachoamua usinunue kwa hawa wa mtandaoni. Msichana wa dada yangu aliletewa na boda, kichupa hakina karatasi, kimekuja na joto na hizo kabla ya kufunguliwa hukaa kwa friji, alitapika siku tatu. Hata WHO 2024 walionya kuhusu Ozempic feki. Na chai za kukonda pia achana nazo, zingine zimewahi kupatikana na sibutramine ndani, dawa iliyoondolewa sokoni 2010 juu ya mambo ya moyo.

MamaWema_Umoja
Asanteni, nimesoma nikalia kidogo, hiyo ya kubembelezwa na chakula ni mimi kabisa. Nesi, nikienda niseme nini?

Nesi_wa_Zamu
Sema depresheni kabla hujasema kilo. Taja dawa ulizotumia, na kama kuna mtu kwenu aliyewahi kuwa na kansa ya tezi shingoni. Dozi ya kuanza ni miligramu 0.25 mara moja kwa wiki, kwa wiki nne, usikubali mtu akurukishe. Mkipanga mtoto, inaachwa miezi miwili kabla. Na kile kiza kikirudi hata kidogo usingoje siku ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo.

MamaWema_Umoja
Naenda Jumanne, mzee ataomba ruhusa kazini tuende wote. Anauliza, BabaPipeline, wewe uliona nini kwanza?

BabaPipeline
Aliacha kuimba akiosha vyombo. Ilinichukua wiki tatu kugundua.