Bibi yangu kakatizwa ushuhuda kanisani kwa kusema "padri". Vyeo hivi vitatumaliza!

Wakuu, nnaandika hapa huku mkono unatetemeka, kwa hivyo mtanisamehe nikiruka huku na huku.

Jumapili iliyopita kanisani kwetu, huku Ng'ambo (kanisa silitaji na mtu simtaji, wenyewe watajijua), ulifika wakati wa shuhuda. Bibi yangu mzaa mama ana miaka 81. Wiki tatu nzima alikuwa kitandani kwa presha, na kiongozi wetu alikuja nyumbani mara mbili kumwombea. Kwa hilo nnamshukuru na sitoacha kumshukuru. Basi bibi akainuka na mkongojo wake, kajitanda kanga yake ya kutokea, akapewa maiki akasema: "Namshukuru Mungu kwa kuniinua, na namshukuru padri wetu kwa kuja kuniona." Hajamaliza. Kijana anayeongoza ibada akamchukulia maiki mkononi, akamwambia mbele ya watu wote: "Bibi, hapa hatuna padri. Sema Mtume Askofu Daktari, halafu jina lake. Haya, rudia."

Rudia! Mtu mzima yule! Akajaribu. Akaanza na Daktari, akarudi kwenye Mtume, Askofu likampotea njiani. Wanakwaya wakacheka. Bibi akairudisha maiki, akakaa, na ushuhuda wake ukaishia pale pale. Mpaka leo kanisa halijui Mungu alimtendea nini. Na mwenye vyeo vyake alikuwa amekaa mbele, hatua tano hazifiki, asiseme hata "mwacheni bibi amalize". Hilo ndilo linaloniunguza. Yule kijana n'shamsamehe, yeye anafanya anavyofundishwa.

Usiku nampelekea dawa zake akaniuliza, "Kwani mjukuu wangu, padri siku hizi limekuwa tusi?"

Nnataka wale wanaojiita walinzi wa heshima ya madhabahu wanijibu swali hilo, maana mie lilinishinda. Bibi huyu kabatizwa Mkunazini, kanisa kuu la Waanglikana huko mjini. Kwetu alikuja baada ya miguu kukataa safari za mjini, tukaona bora awe anasali karibu na nyumbani. Neno padri kalikuta linasemwa na wazazi wake, na hao nao walilikuta. Ni neno la Wareno, limo kwenye Kiswahili cha pwani hii tangu zama zao, walipokuwa na kanisa pale ilipo Ngome Kongwe leo, kabla Waomani hawajawatoa. Mzanzibari yeyote, awe Mkristo au Muislamu, ukimwambia padri anajua unamsema nani. Ni neno la adabu. Watoto wa mtaa wanaocheza mpira, wasiosali kwetu, wanampigia mtu shikamoo kwa neno hilo.

Na kama hamlitaki padri, basi tunalo kasisi. Hili limetoka kwenye Kiarabu na jirani zetu wanalijua vizuri sana, kwa sababu limo kwenye Kurani, Suratul Maida aya ya 82. Makasisi wanatajwa pale, na sifa wanayopewa ni kwamba hawana kiburi. Nnaomba wazee wetu wa kanisa waisome aya hiyo, wala haitowadhuru kitu. Mtu wa dini nyengine katuweka kwenye kitabu chake kitukufu kwa sifa ya kutotakabari, na siye tunamnyang'anya maiki ajuza kwa sababu ya cheo.

Tena nchi hii ndipo neno hilo lilipovaliwa na watu wa maana. Jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini liliwekwa siku ya Krismasi 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lililokuwa hapo lilipofungwa. Ndani ya miaka michache, 1879, John Swedi akapewa ushemasi. Huyu alikuwa miongoni mwa watoto watano waliotoka utumwani ambao Sultani aliwatoa kwa Tozer, askofu wa Waanglikana, 1864. Na 1890 Cecil Majaliwa, naye mtoto wa Kiyao aliyekombolewa, akawekewa mikono hapo hapo Mkunazini akawa kasisi. Mtu aliyepata kuhesabiwa kama bidhaa akasimama kwenye altare iliyojengwa sokoni pale pale, na cheo chake kikawa neno moja. Kasisi. Lilimtosha. Ninyi lina upungufu gani kwenu?

Sasa nieleze tulivyofika hapa. Huyu kiongozi alitujia miaka saba iliyopita akiwa Mwinjilisti, tukikaa kwenye viti vya kukodi. Akawa Mchungaji, nasi tukafurahi, tena tulimnunulia koti. Akawa Mchungaji Kiongozi, wakati wachungaji walio chini yake hawapo. Akawa Askofu. Sasa hapa ndipo napotaka tusimame kidogo. Askofu asili yake ni Kigiriki, neno limepitia Kiarabu mpaka likafika kwetu, na maana yake ni msimamizi, yaani mtu anayeangalia. Kanisa la zamani lilimpa jina hilo kwa sababu ana makanisa ya kuyazungukia na makasisi wa kuwasimamia. Askofu Steere alikuwa na Unguja hii na bara ya mbali huko, akasimamia ujenzi wa Mkunazini, akatafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili, na kaburi lake la 1882 liko nyuma ya altare. Siye tuna kanisa moja. Tawi hatuna, hata Fuoni hapa hatuna, Pemba ndio usiseme. Anamsimamia nani?

Mwaka jana akasafiri siku nne akarudi Daktari. Hakuna aliyeuliza chuo gani, alisoma nini, nani alimsimamia. Tume ya Vyuo Vikuu ipo, shahada ya nje inapelekwa pale ikatambuliwa au ikakataliwa, si siri hiyo. Nilipouliza kwenye kikao nikaambiwa nina roho ya Kora, yule wa kwenye Biblia aliyemwasi Musa. Na mwaka huu, kabla ya Pasaka, akawa Mtume. Kila cheo bango la nje linachorwa upya kwa michango yetu, na choo cha kanisa mlango wake ni gunia.

Msinielewe vibaya, sisemi makanisa yote yaite namna moja. Mkatoliki pale Minara Miwili ana padri wake, ana paroko, ana mhashamu askofu. Mlutheri ana mchungaji na mkuu wa jimbo. Msabato ana mchungaji na mzee wa kanisa. Ukiangalia, kila jina hapo lina kazi ndani yake. Paroko ni mwenye parokia, akihamishwa cheo hicho si chake tena, anakipokea mwengine. Kuna na wale wanaosema tusimwite mtu baba kwa sababu ya Mathayo 23. Hao nawaheshimu, kwa sharti waishike sura yote, maana hapo hapo imeandikwa sote ni ndugu. Huwezi kumkataza bibi yangu kusema padri kwa aya hiyo, kisha ukakubali kuitwa Baba wa Kiroho na watu waliokuzidi umri miaka thelathini.

Halafu hili la Mama Mchungaji nalo nalisema leo, maana limenikaa kooni. Mke wa kiongozi ni mama mwema, muuguzi, hana neno na mtu. Lakini kafika kuitwa Mama Mchungaji siku ya harusi yake, na sasa wameanza kumwita Mama Mtume. Hakuomba, hakusomea, hakuwekewa mikono. Wakati huo huo tuna dada yetu aliyekwenda bara kusoma theolojia miaka mitatu kwa pesa za kuuza maandazi. Karudi, anafundisha watoto, anazika, anakesha na wagonjwa. Yeye anaitwa "dada". Cheo anapewa mume wa mtu na mke wa mtu, mwenye kazi hapewi. Kama jina linafuata kazi, huyu dada ndiye wa kuitwa mchungaji.

Mnajua aibu ilikuwa wapi? Msibani, mwezi wa tatu. Tulikuwa na majirani wengi, sheha alikuwepo, na maalim wa msikiti wa mtaa alikuja kutupa pole. Maalim alikaribishwa kwa neno hilo hilo moja na jina lake, watu wakanyamaza kumsikiliza. Ilipofika zamu yetu, kijana yule yule akasoma vyeo mpaka watoto wa marehemu wakainamisha vichwa. Jirani mmoja akaniuliza kwa upole kabisa, daktari wenu yuko hospitali gani? Nilimwambia sijui. Niliona haya.

Hapa Zanzibar hatukulelewa hivyo. Maalim Seif alifika kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, na mpaka siku anazikwa Mtambwe 2021 watu walimwita Maalim, kwa sababu alipata kusomesha. Vyeo vya serikali vilikuja vikaondoka, jina la kazi yake ya mwanzo likabaki naye mpaka kaburini.

Jana usiku mzee mmoja wa kanisa kanipigia simu, kasikia nataka kulileta jambo hili hapa, akaniambia nisimguse mpakwa mafuta. Nikamwuliza, yeye aliyepakwa mafuta ndiye asiyeguswa, na bibi yangu aliyebatizwa anaguswa tu? Akakata simu.

Ninachotaka ni kidogo. Bibi aombwe radhi kwa maiki ile ile, mbele ya watu wale wale, apewe nafasi amalize ushuhuda wake kwa maneno yake. Na kuanzia hapo asikatizwe mtu kwa kusema padri, kasisi, mchungaji au ndugu. Bango wakitaka walichore mpaka lifike barabarani, mchango wangu humo hawatouona.

Kikao cha wazee ni Jumamosi saa kumi. Nitakuwepo, na yule dada kasema tutakwenda wote. Walio kwenye makanisa mengine hapa Unguja na kule Wete na Chake, niambieni: kwenu mnawaitaje, na nani aliamua?